Deni la Moshi

Deni ni mzigo, na mtu mwungwana hujitahidi kuutua kabla haujamvunja mgongo. Walakini mjini liko deni moja la ajabu: mwenye kulikopa halilipi, na mwenye kulilipa hakulikopa. Deni hilo ni moshi wa magari. Mwenye gari huwasha injini, hupata safari yake, hufika aendako, kisha huuacha moshi nyuma yake kama mtu aliyekula hotelini akaondoka bila ya kulipa. Moshi ule haupotei. Huingia katika mapafu ya wapitao kwa miguu, ya mama auzaye ndizi kando ya njia, na ya mtoto aendaye shule. Hao ndio walipao, kwa kikohozi, kwa pumu, kwa fedha za dawa, na mara nyingine kwa uhai wao.

Katika insha hii nataka kushindana na watu wasemao kwamba mambo hayana budi kuwa hivyo. Nasema yana budi. Nasema atoaye moshi alipe bei ya moshi wake, na malipo hayo yatumiwe kuuondoa.

Nilipomaliza masomo katika chuo cha ualimu, shule ya kwanza niliyopelekwa ilikuwa mjini, na ukuta wake ulipakana na kituo cha matatu. Darasa langu lilikuwa na madirisha upande mmoja tu, upande wa kituo. Tulipoyafungua, moshi wa dizeli uliingia, na kabla ya saa sita vidole vya mtu aliyegusa kizingiti cha dirisha vilikuwa vyeusi kama vya muuza makaa. Tulipoyafunga, joto la wanafunzi zaidi ya 50 lilitulemea, wakasinzia. Palikuwa na msichana mmoja mwenye pumu, mwerevu wa hesabu, ambaye siku za foleni kubwa hakuweza kumaliza sentensi moja bila ya kutua kuvuta pumzi. Kila asubuhi kiranja wa darasa alisimama akaniuliza, “Mwalimu, leo tufungue au tufunge?” Nilisomea namna nyingi za kujibu maswali ya wanafunzi, lakini kwa swali hilo sikuwa na jibu jema. Nikifungua, namdhuru mmoja; nikifunga, nawadhuru wote. Aliyepaswa kujibu hakuwamo darasani. Alikuwa nje, ameacha injini ikinguruma huku akingoja abiria.

Kwanza na tuujue moshi wenyewe. Ule mweusi tuuonao ukitoka katika bomba la lori kuukuu si wote. Ulio hatari zaidi ni ule usioonekana. Katika moshi wa dizeli mna chembe ambazo upana wake haufiki sehemu 2.5 za elfu ya milimita. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko chembe ya namna hiyo kiasi cha mara 30. Vumbi la kawaida hunaswa puani. Chembe hizi hupita pua, hupita koo, hushuka hata chini kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu ambavyo yamethibitika kuwa huwaletea wanadamu saratani. Mwaka 2021 shirika hilo lilikata nusu kipimo cha chembe zinazoweza kuvumiliwa: kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa mwaka mzima. Nalo hukadiria kwamba uchafu wa hewa, wa nje na wa jikoni pamoja, huua watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Sisemi kwamba magari peke yake ndiyo yenye hatia. Meko ya kuni yamo, majaa yachomwayo yamo, na viwanda vimo. Lakini mwizi mmoja hasamehewi kwa sababu wezi ni wengi.

Sasa na tutazame haki. Kila anunuapo lita ya petroli au dizeli nchini Kenya, mwenye gari hutoa ushuru wa matengenezo ya barabara. Ushuru huo uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1993, na mwaka 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Watu hunung'unikia kiasi chake, lakini maana yake yaeleweka: gurudumu likikwangua lami, mwenye gurudumu ailipie lami. Basi nauliza: je, pafu la mtoto ni duni kuliko lami? Barabara ikitoboka tuna mfuko wa kuiziba. Kifua cha mwanafunzi kikitoboka, mfuko ni wa mzazi wake, ambaye huenda hajapata kumiliki hata baiskeli. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 42, yampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Haikusema kila mwenye gari. Ilisema kila mtu.

Wako watakaocheka na kusema kwamba kumtoza mtu fedha kwa sababu ya moshi ni ndoto ya mwalimu. Hao na tuwapeleke London, mji ambao uliijua adhabu ya moshi kabla yetu.

Mwezi wa Desemba mwaka 1952 upepo ulitulia London, baridi ikakaza, na moshi wa makaa ya mawe kutoka mekoni na viwandani ukakosa njia ya kupaa. Kwa siku 5, tangu tarehe 5 hata tarehe 9, mji ulikuwa gizani mchana. Hesabu ya kwanza ilionyesha kwamba watu kiasi cha 4,000 walikufa kwa sababu ya moshi ule. Wachunguzi wa baadaye wameona kwamba huenda walifika 12,000. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya hewa safi. Sheria ile haikukataza moshi tu. Ilitoa pia fedha za kuwasaidia wenye nyumba kubadili meko yao. Lishike jambo hili, msomaji, maana tutalirudia: palikuwa na katazo, na palikuwa na msaada.

Moshi wa makaa ulipopungua, magari yaliongezeka na moshi wa pili ukaja. Mwaka 2003 London ilianza kutoza kila gari liingialo katikati ya mji, ili kupunguza msongamano. Mwezi wa Aprili mwaka 2019 ikaongeza ada nyingine, hii ya moshi wenyewe: gari lisilotimiza kipimo cha usafi lilipe pauni 12.50 kwa kila siku litembeapo humo, na gari safi lisilipe kitu. Mipaka ya ada hiyo ilipanuliwa mwezi wa Oktoba mwaka 2021, na mwezi wa Agosti mwaka 2023 ikaenea mitaa yote ya jiji.

Kati ya tarehe hizo liko kaburi la mtoto. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa msichana wa miaka 9, mwenye pumu kali, aliyekaa karibu na barabara kuu yenye magari mengi kusini mwa London. Alifariki mwezi wa Februari mwaka 2013. Mama yake hakuchoka kuuliza kilichomwua mwanawe, hata mwezi wa Desemba mwaka 2020 mchunguzi wa vifo akatoa hukumu kwamba uchafu wa hewa ulikuwa miongoni mwa sababu za kifo chake. Kabla ya hapo haikupata kuandikwa hivyo kwa mtu yeyote katika Uingereza. Ni maelfu mangapi waliomtangulia ambao vyeti vyao viliandikwa pumu, au moyo, au homa ya mapafu, na mwenye moshi hakutajwa?

Usidhani kwamba watu wa London waliipokea ada ile kwa vigelegele. Waliandamana, na wengine walizivunja kamera zilizowekwa kuyatambua magari. Mafundi wenye vigari vya kazi walilia kwamba wameonewa, na kilio chao hakikuwa cha uongo wote. Kwa hiyo jiji lilitenga fedha za kuwasaidia watu kuachana na magari yao machafu. Leo zaidi ya magari 90 katika kila 100 yaonekanayo London hutimiza kipimo, na hewa ya sumu itokayo katika mabomba, iitwayo nitrojeni dioksidi, imepungua sana kando ya barabara zake. Kadiri magari yanavyozidi kuwa safi, ada ile huingiza fedha kidogo zaidi. Hapo ndipo palipo na hekima yake. Ushuru wa tamaa huomba uzima mrefu. Ushuru wa haki hufanya kazi ili ufe.

Mfano wa pili ni Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Tangu Januari hata Julai mwaka 2006 mji ule ulijaribu kutoza magari yaingiayo na kutoka. Kabla ya jaribio watu wengi walilipinga. Ilipoanza, magari yavukayo mpaka wa mji yalipungua kwa kiasi cha sehemu moja katika tano. Watu wakaona njia, wakavuta pumzi. Mwezi wa Septemba mwaka huo walipigiwa kura, na waliokubali wakawashinda waliokataa. Mwaka uliofuata ada ikawa ya kudumu. Jambo hili lafundisha kwamba mtu huogopa dawa kabla ya kuionja.

Sasa nawarudia wapinzani wangu wa hapa nyumbani, maana hoja zao ni nzito na hazistahili kudharauliwa.

Wa kwanza husema, “Ulaya ndiyo iliyoichafua dunia, sisi na tuache tuendelee kwanza.” Katika habari ya joto la dunia ana haki, na deni lile lidaiwe. Lakini moshi wa Barabara ya Tom Mboya hauendi Ulaya kulipiza kisasi. Huingia katika kifua cha anayepita Barabara ya Tom Mboya. Tena si kweli kwamba usafi ni anasa ya matajiri. Hapo zamani petroli yetu ilitiwa risasi, madini ambayo huharibu akili za watoto. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikaazimia kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuzia magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021, na habari hiyo njema ilitangazwa ulimwenguni kutoka Nairobi, makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikakubali dizeli yenye kiberiti kidogo kuliko ile ya kwanza. Je, magari yetu yalisimama? Biashara zilikufa? La, hasha. Mtu maskini asiye na fedha za daktari ana haja ya hewa safi kuliko tajiri.

Wa pili husema, “Ada itampata mwenye matatu, naye atampandishia abiria nauli.” Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na aipuuzaye hafai kusikilizwa. Basi na tufanye hesabu ya darasani. Chukua matatu yenye abiria 14, na gari la binafsi lenye mtu mmoja, yakienda njia moja. Hata kama matatu hutoa moshi maradufu, gawanya kwa vichwa: kila abiria wa matatu ana sehemu moja ya saba ya moshi wa bwana yule aketiye peke yake huku vioo vimefungwa. Kwa hiyo ada ianzie kwa gari la binafsi liingialo katikati ya mji. Mwenye matatu apewe muda uliotangazwa mapema, na mkopo wa riba nafuu wa kubadili gari lake, kama mwenye nyumba wa London alivyosaidiwa kubadili meko yake. Muda ukiisha naye asisamehewe. Huruma isiyo na mwisho ndiyo iliyotufikisha hapa.

Wa tatu husema, “Fedha zitaliwa.” Twayajua hayo, nami sitamwambia kijana wa Kenya kwamba hofu hiyo ni bure. Lakini mkulima haachi kulima kwa kuwa nyani wako msituni, huweka mlinzi. Sheria na iseme wazi kwamba ada ya moshi itanunua mabasi na kujenga njia za waendao kwa miguu, na hesabu yake itangazwe kila mwaka ili hata mwanafunzi aweze kuikagua. Kuogopa wizi ni sababu ya kulinda, si sababu ya kukohoa.

Wa nne ni mpole, na kwa upole wake ni hatari zaidi. Husema, “Ngojeni. Magari ya umeme yaja. Moshi utakwisha wenyewe.” Hapa nina mengi ya kukubali. Gari la umeme halina bomba la moshi. Tena nchi yetu ina bahati ambayo nchi nyingi tajiri hazina: sehemu kubwa ya umeme wetu haitoki katika makaa ya mawe, bali katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981, katika maji ya mto Tana, na katika upepo wa Marsabit. Mafuta ya magari, kwa upande wa pili, twayanunua yote ng'ambo yakiwa yamekwisha kusafishwa, tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Kwa hiyo kuacha petroli ni afya, na ni akiba vilevile. Mwaka 2019 Kenya ilipunguza ushuru wa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2022 mabasi ya umeme yakaanza kubeba abiria Nairobi. Ethiopia mwaka 2024 ilikataza kabisa kuingiza magari ya binafsi ya petroli na dizeli. Rwanda iliamua kwamba tangu Januari mwaka 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali zisiandikishwe isipokuwa za umeme.

Haya yote ni mema. Lakini kungoja si mpango. Gari la petroli lishukalo bandarini leo, ambalo kwa sheria yetu halipaswi kuzidi umri wa miaka 8, litaishi nasi miaka mingi mingine, na kila mwaka litazidi kuchakaa. Wako hata watu wanaoking'oa kichujio cha moshi wakakiuza kwa sababu ya madini yake ya thamani. Bila ya ada na ukaguzi, nani atakuwa na haraka ya kuliacha gari la namna hiyo? Umeme ni mlango. Ada ni mkono umsukumao mtu aingie.

Tena tusiligeuze gari la umeme kuwa sanamu la kuabudiwa. Foleni ya magari ya umeme ingali foleni. Tairi na breki zake hutoa vumbi, na asiye na njia ya miguu atagongwa nalo vilevile. Madini ya kobalti yatiwayo katika betri nyingi hutoka zaidi katika Kongo, sehemu za Kolwezi, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, na ambako watoto wameonekana wakichimba mashimoni badala ya kukaa madarasani. Haitakuwa haki kumwondolea mtoto wa Nairobi deni la moshi kwa kumtwika mtoto wa Kolwezi deni la mashimo. Ndiyo maana nasema umeme uanze na chombo kibebacho wengi kwa betri chache: basi kwanza, pikipiki ya abiria pili, na gari la mtu mmoja mwisho. Aanzaye na gari la tajiri amebadili rangi ya dhuluma tu.

Basi nadai mambo matatu, machache na yanayowezekana. La kwanza, kila gari, la binafsi na la abiria, lipimwe moshi kila mwaka kwa kipimo cha kweli, na lisilofaa litolewe barabarani mpaka litengenezwe. La pili, liingialo katikati ya miji yetu mikubwa lilipe ada kwa kadiri ya uchafu wake, na lililo safi lisilipe. La tatu, kila shilingi ya ada hiyo iwafuate waliokuwa wakilipa deni hili kwa vifua vyao: iwe basi safi, iwe njia ya miguu yenye kivuli, iwe ukuta wa miti kati ya shule na barabara.

Vijana msomao, baadhi yenu mtamiliki magari. Sitaki mwone haya kwa hilo. Chombo cha safari ni neema. Lakini siku mtakapoushika usukani, kumbukeni kwamba mnapokanyaga mafuta kuna mtu nyuma yenu. Zimeni injini mnapongoja. Na siku mtakapoketi penye kutunga sheria, msikubali kuambiwa kwamba wakati haujafika. Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kumtafuta mnyonge akulipie.

Msichana yule wa hesabu alihamishwa na wazazi wake katikati ya mwaka, akapelekwa kwa nyanya yake mashambani ili apate kupumua. Dawati lake lilikaa tupu muhula mzima. Kiranja aliendelea kusimama kila asubuhi akauliza, “Mwalimu, leo tufungue au tufunge?” Nimekwisha kuiacha shule ile, lakini swali lake sijaliacha. Nataka ije siku ambayo mwalimu atakayesimama mahali pale ataweza kujibu bila ya kusita, “Fungua, mwanangu. Fungua yote.”